Majaribio Yote Yamepita

Kwa miaka kadhaa ya tisini nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilijulikana na kila mtu: nilikuwa karani wa kompyuta katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, nikiingiza kilo za majani mabichi yaliyoletwa na malori kutoka vituo vya wakulima. Ya pili hakuna aliyeielewa vizuri, na siku nyingine hata mimi nilijiuliza kama ina maana yoyote. Nilitunza majaribio ya programu ya bure, iliyoandikwa kwa lugha ya C na mtu wa ng'ambo ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Kazi ya kwanza ilinipa ugali. Ya pili ilinivunja moyo, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Programu yenyewe haikuwa kitu cha kutisha. Ililinganisha mafaili mawili, ikaonyesha yanapotofautiana, kisha ikayaunganisha kuwa faili moja. Mwenyewe aliitoa bure pamoja na maandishi yake yote, ili yeyote aisome, airekebishe na kumrudishia marekebisho. Niliipata chuo kikuu Nairobi ikiwa kwenye disketi, nikaja nayo Kericho. Ilikataa kujengwa kwenye mashine yangu. Mimi nina kichwa kigumu, nikaishikilia mpaka nikajua kosa liko wapi, nikamwandikia. Akafurahi. Nikamwandikia tena na tena, mpaka siku moja akaniuliza kama ningependa kushika upande huo wote wa kujenga na kujaribu.

Niseme kazi hiyo ni nini, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuelewa kilichonipata. Programu ya C huandikwa na binadamu katika mafaili mengi, halafu kila faili hugeuzwa kuwa lugha ya mashine; huko ndiko kuijenga. Kugeuza mafaili yote kulichukua muda mrefu kwenye mashine za wakati ule. Kwa hiyo kuna faili la maagizo linaloamua lipi ligeuzwe upya na lipi liachwe, na linaamua kwa kutazama saa tu. Kama uliandika baada ya mara ya mwisho ya kugeuza, linageuza tena. Kama sivyo, linaacha lilivyo. Ni kama mtu anayeamua kupika chai upya kwa kuuliza tu chupa ilijazwa saa ngapi, bila kufungua kifuniko. Majaribio ndiyo kuonja chai yenyewe. Niliandika maswali mengi madogo ambayo majibu yake nayajua, na programu ililazimika kuyajibu yote sawasawa.

Hakuna anayependa kazi hii. Kila mtu anataka kuandika sehemu mpya, aonekane. Anayeosha sufuria hatafutwi mpaka siku sufuria zote zimekuwa chafu. Lakini mimi niliipenda, na sioni haya kusema hivyo. Kabla ya kila toleo jipya, mwenye programu alingoja sentensi moja kutoka kwangu: majaribio yote yamepita. Akiipata, alilitoa toleo, na watu nisiowajua katika nchi ambazo sitazifikia walikabidhi mafaili yao kwa sentensi hiyo. Hapa kiwandani hakuna aliyengoja neno langu juu ya kitu chochote. Meneja aliposaini makaratasi yangu hakuyasoma. Kule mbali, mtu mzima mwenye ujuzi kuliko mimi alikuwa akiketi na kungoja nimwambie, na nikimwambia, aliamini.

Nilijaribu kumweleza mama yangu nilipokwenda nyumbani Silibwet wikendi moja. Alikuwa akinimiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akanisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Sasa hao watu wanajua sura yako?" akauliza.

"Hapana, mama. Hawajawahi kuniona."

"Wanajua watu wa kwenu? Wanajua wewe ni mtoto wa nani?"

"Hapana."

"Basi wanakuamini kwa nini?"

Nikamwambia ni kwa sababu sijawahi kuwadanganya. Alitikisa kichwa, akajaza kikombe changu tena. Nilidhani hakuelewa. Siku hizi nadhani alielewa kuliko mimi.

Kompyuta niliyofanyia kazi hiyo ilikuwa mashine kuukuu ambayo makao makuu hayakuitaka tena. Meneja aliniruhusu kuifanya nitakavyo, mradi kilo za chai ziingizwe kwenye ile mpya. Wakati wa chakula cha mchana, laini ya simu ikiwa haina mtu, nilipiga Nairobi kwa modemu kupeleka na kuchukua barua pepe. Betri ndogo ya ndani ya mashine hiyo ilikuwa imekufa, na mpya haikupatikana Kericho wala Nakuru. Kila stima ikipotea, ilisahau iko siku gani. Ilipowashwa tena iliamka mwaka wa 1980 na kuuliza tarehe na saa, na haikuendelea mpaka ujibu. Stima yetu ilipotea ilivyotaka, mvua isiponyesha pia. Jenereta ya kiwanda iliendesha mitambo ya kukausha majani, haikuwa na habari na kompyuta ya karani. Kwa hiyo niliweka redio ndogo kwenye droo ya meza, na niliitegea saa mashine yangu kwa milio ya saa kamili inayotangulia taarifa ya habari.

Saa ya ukutani sikuitumia. Kila mtu kiwandani alijua habari za saa ile. Meneja mmoja wa zamani, aliyeondoka kabla sijaajiriwa, aliisogeza mbele karibu saa nzima ili makarani wasichelewe na malori yatoke mapema kufuata chai. Meneja aliyemfuata hakuirudisha. Sote tuliisoma na kuipunguza kichwani, kama tulivyozoea majumbani mwetu. Nyumbani kwa mama saa ya sebuleni ilikuwa mbele ili tusichelewe kanisa, na kwa jirani ilikuwa mbele zaidi, kwa sababu jirani alikuwa mzee wa kanisa. Hatukuona ajabu yoyote. Saa ya kiwanda ilikuwa ya kukufikisha kazini, na hakuna mjinga aliyeifuata wakati wa kwenda nyumbani.

Tulikuwa wawili katika ofisi ile. Mwenzangu alikuwa karani wa stoo, mzee kutoka upande wa ziwa, aliyekuja Kericho akiwa kijana wa kuchuma chai na kupanda vyeo mpaka akapata meza na kiti. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa lugha yao, nami nilimwita baba. Alifika kabla ya kila mtu. Nilipoingia nikipukuta mvua kwenye mwavuli, nilimkuta ameshachemsha maji.

"Nyara, machine yako iko sawa," alikuwa akisema. "Kunywa chai kwanza. Hiyo computer haiendi mahali."

Nilikunywa chai kwanza. Mashine sikuizima usiku, na kila nilipoikuta inawaka bila kuuliza saa nilijua kwamba stima haikupotea. Sikuwa na sababu ya kufikiria vingine.

Mara moja mwenye programu alinitania. Aliandika kwamba barua zangu zingine zinamfikia kabla sijaziandika, labda Kenya tumeshafika kesho. Nilicheka. Nilidhani ni zile tofauti za saa kati ya nchi na nchi, ambazo huwachanganya hata watu wa huko. Nikamjibu kwamba huku kwetu watu wa chai huamka mapema.

Sasa nifike kwenye lile toleo. Lilikuwa toleo kubwa, lililosubiriwa muda mrefu. Asubuhi hiyo nilifuta kila kitu kilichogeuzwa zamani, nikajenga programu upya tangu mwanzo. Kazi ilikwisha muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, nikaendesha majaribio, yote yakapita. Stima ikapotea, ikarudi baada ya muda mfupi. Mashine ikaniuliza saa, nikafungua redio, nikaitegea kwa milio kama kawaida. Nikapiga simu kuchukua barua, nikakuta mwenye programu ametuma rekebisho moja la mwisho katika faili moja. Aliandika kwamba ni dogo, ni la usafi tu, lakini niliweke na kujaribu tena, halafu nimwambie.

Nililiweka. Nikaamuru mashine ijenge. Ikanijibu mara moja kwamba kila kitu kiko tayari. Rekebisho lilikuwa dogo kweli, sikushangaa kwamba halikuchukua muda, na laini ya simu ilikuwa ikitakiwa na ofisi ya meneja. Nikaendesha majaribio yote. Yakapita, moja baada ya jingine. Nikaandika ile sentensi yangu, nikaituma.

Siku chache baadaye barua zilianza kufika. Toleo jipya, likiunganisha mafaili fulani, lilikuwa linakata mstari wa mwisho. Halikutoa onyo lolote. Watu walikuwa wameliamini, wakafuta mafaili ya awali, na sasa kazi zao zilikuwa na vichwa bila miguu. Mmoja alisema amepoteza sehemu za tasnifu yake. Mwingine alitumia maneno ambayo sitayarudia. Kosa lilikuwa ndani ya lile rekebisho la mwisho, na hilo halikunisaidia kitu. Kwa sababu jaribio la kosa lile lile, la mstari wa mwisho, lilikuwepo. Nililiandika mwenyewe mwaka uliotangulia, na nililionea fahari. Kila mtu aliyeendesha majaribio kwenye mashine yake aliliona likianguka papo hapo.

Mwenye programu aliniandikia kwa upole. Alisema kosa la maandishi ni lake, hamtupii mtu lawama. Ila majaribio yapo ili yamkamate yeye, na hayakumkamata. "Naomba uniambie ukweli," aliandika. "Uliyaendesha?"

Nikajibu: "Niliyaendesha. Yalipita."

Nilikwenda kwenye mashine, nikafuta vyote, nikajenga upya kwa rekebisho lile lile, na jaribio likaanguka mbele ya macho yangu. Nikaliendesha tena. Likaanguka tena. Niliketi pale jasho likinitoka katika baridi ya Kericho. Kama ningekuwa mwongo ningejua, kwa maana mwongo anajua alichodanganya. Mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na mashine yangu mwenyewe sasa ilinikana.

Nilitafuta sababu kwa wiki nyingi. Nilipekua faili la maagizo mstari kwa mstari. Nilipekua majaribio. Niliweka rekebisho, nikaliondoa, nikaliweka tena, na kila mara jaribio lilianguka kama ilivyotakiwa. Kosa nililolitafuta lilikataa kurudi. Chakula kilinikataa. Nikiwa nimelala kitandani nilijiona tena nikituma ile sentensi, na nikaanza kujiuliza kama kweli niliyaendesha majaribio siku ile au nilitamani tu kuyaendesha. Huko ndiko nilikofika: niliacha kujiamini mimi mwenyewe, na sijui kama nilipona kabisa.

Kwenye kundi letu la barua pepe, la wote waliosaidia programu ile, wengine walisema wazi kwamba nilipuuza. Mmoja aliuliza inawezekanaje kazi nyeti hivi iwe mikononi mwa mtu aliye porini bila stima. Kuhusu stima alisema kweli. Mwishowe mwenye programu akaandika kwamba hadhani nilikuwa na nia mbaya, anadhani nilichoka. Upande wa kujenga na kujaribu atapewa mtu mwingine, mwenye mashine nyingi na umeme wa uhakika. Akanishukuru kwa miaka yote. Akaniambia nipumzike, kama vile nilikuwa nimemlalamikia uchovu.

Mzee aliniona nimebadilika. "Nyara, nani amekufa kwenu?" aliniuliza siku moja.

"Hakuna, baba. Ni mambo ya kompyuta."

"Hiyo kitu unaipenda sana," akasema, akanisogezea kikombe. "Lakini yenyewe haijui kupenda mtu. Kunywa, chai inapoa."

Mwaka ule ukaisha, na mwingine ukaenda nao. Niliingiza kilo za chai. Mvua ya mawe iliwapiga wakulima wa upande mmoja wa kilima, kilo zao zikashuka, nikaziingiza zilivyoshuka. Mashine kuukuu nilikuwa naitumia kwa mazoea tu, nikiandika vijiprogramu visivyo na kazi. Ile programu yetu ilitoa matoleo mengine, nikayasikia tu kama unavyosikia habari za mchumba wa zamani.

Kisha mzee akastaafu. Tulimfanyia sherehe kwenye kantini ya kiwanda, soda na keki, na maombi marefu ya mchungaji. Meneja alitoa hotuba, akamkabidhi zawadi ya wafanyakazi, imefungwa kwa karatasi inayometameta. Ilikuwa saa ya ukutani, kwa kuwa wastaafu wote tuliwapa saa ya ukutani. Mzee alisimama akiikumbatia, miwani imemteremka puani, akaanza kushukuru watu mmoja mmoja: dereva aliyempa lifti, mama wa kantini, askari wa geti. Mwisho akanigeukia.

"Na huyu nyara yangu," akasema. "Huyu mnamuona hapa, ni mtu wa bidii. Ako na machine yake mzee kama mimi." Watu wakacheka. "Hiyo machine, stima ikienda usiku, asubuhi inasahau kila kitu. Inauliza date, inauliza time, inakaa tu hapo kama mtoto amepotea. Mimi nikasema, huyu msichana akikuja apate iko ready, asisumbuke. So kila asubuhi mimi ndio naiwekea. Naangalia saa yetu pale kwa ukuta, naandika vile iko. Hata siku moja sijawahi sahau. Meneja, hiyo kazi mtapea nani?"

Watu walipiga makofi na kucheka, na meneja akacheka kuliko wote. Mimi nilisimama na chupa ya soda mkononi. Yote yalinijia kwa mpigo mmoja, na sikuhitaji hata kukokotoa. Usiku wa kuamkia siku ya lile toleo, lazima stima ilikuwa imepotea. Mzee aliipa mashine saa ya kiwanda, iliyo mbele karibu saa nzima, nami nikajenga programu yangu yote katika wakati ambao ulikuwa haujafika. Kisha stima ikapotea tena, na mimi nikairudisha mashine kwenye saa ya redio. Rekebisho la mwisho lilipoingia, mashine ililiona ni la zamani kuliko kilichokwisha kugeuzwa, ikaliacha. Nilionja chai iliyokuwa kwenye chupa tangu asubuhi, nikawaapia watu juu ya chai mpya ambayo sikuionja. Majaribio yalipita kweli. Sikuwa nimedanganya.

Mzee alikuwa akinitazama, anangoja. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya mtu aliyefichua wema wake baada ya kuuficha kwa miaka. Nikaweka soda chini, nikaenda kumkumbatia, yeye na saa yake, na nikalia hapo hapo mbele ya watu. Mama wa kantini akasema, ona vile anampenda. Na kweli nilimpenda. Lakini sikuwa nalilia hilo.

Jumatatu wakati wa chakula nilimwandikia mwenye programu. Nilieleza kila kitu, betri, saa ya ukutani, redio, mzee. Niliandika kwa uangalifu ili isionekane ni kisingizio. Majibu yalikuja baada ya muda, mafupi na ya adabu. Alisema ni kisa cha kuvutia, amecheka. Alisema yule aliyeshika majaribio siku hizi hujenga kwa njia nyingine kabisa, na faili langu la maagizo lilishaondolewa. Kuhusu lile toleo, alisema nisiwe na wasiwasi, hakuna anayelikumbuka tena.

Nilisoma barua hiyo mara moja tu. Nilikuwa nimebeba jambo lile miaka yote kama mtu anayebeba maiti akitafuta wenyewe, na wenyewe walikuwa wameshamaliza matanga bila mimi. Nikazima mashine. Asubuhi iliyofuata niliingia ofisini, maji hayajachemshwa, kiti cha mzee kitupu. Nikaiwasha. Ikaamka mwaka wa 1980, ikaniuliza tarehe, nikaijibu. Ikaniuliza saa. Redio ilikuwa kwenye droo, na taarifa ya habari ilikuwa inakaribia. Nikainua macho ukutani, nikaandika saa ya kiwanda.